Kuunda VLC kutoka msimbo chanzo

Kuunda VLC kutoka msimbo chanzo ni kazi ya kuchukua maandishi ya programu ya VLC, yaani kicheza video na sauti kinachotolewa na shirika la VideoLAN la Ufaransa, na kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mtumiaji. Watumiaji wengi hawaifanyi kazi hii, kwa sababu VLC hupatikana ikiwa tayari kwa Windows, macOS, Linux, Android na mifumo mingine. Hata hivyo, kila mtu ana ruhusa ya kuifanya. Ruhusa hiyo ndiyo inayoitofautisha programu huria na programu ambayo ni ya bure tu: mtumiaji anaweza kuona jinsi programu ilivyotengenezwa, kuibadilisha, kuiunda upya na kumpa mwenzake.

Makala hii inaeleza asili ya VLC, muundo wake, hatua za kuiunda kwenye Linux, matatizo yanayojitokeza mara nyingi, na namna shule yenye intaneti ndogo inavyoweza kuunda mara moja na kutumia kwenye kompyuta zake zote.

## Asili ya VLC

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris. Walitaka kurusha video kupitia mtandao wa kompyuta wa chuo chao. Mradi ulikuwa na sehemu mbili: programu ya kurusha na programu ya kupokea. Ile ya kupokea iliitwa VideoLAN Client, na kifupi chake ndicho VLC. Msimbo uliandikwa upya mwaka 1998. Tarehe 1 Februari 2001 chuo kilikubali utolewe kwa leseni huria ya GPL, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wameuchangia.

Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2009. Mwaka huohuo VideoLAN ilikuwa shirika linalojitegemea, lisilotafuta faida. Toleo la 3.0 lilitoka Februari 2018. Mwanzoni mwa 2025 VideoLAN ilitangaza kwamba VLC imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Alama yake ni koni ya barabarani ya rangi ya chungwa na nyeupe.

## Msimbo chanzo na programu iliyo tayari

Msimbo chanzo ni maandishi ambayo mwanadamu anaweza kuyasoma. Sehemu kubwa ya VLC imeandikwa kwa lugha ya programu ya C, na sehemu nyingine kwa C++ na lugha nyinginezo. Prosesa ya kompyuta haiwezi kuyatekeleza maandishi hayo moja kwa moja. Yanapitishwa kwanza kwenye programu iitwayo kompaila, ambayo huyageuza kuwa amri za namba ambazo prosesa inazielewa.

Mkoani Singida mfano ulio karibu ni alizeti. Mbegu hupelekwa kwenye mashine ya kukamua na mafuta hutoka. Mafuta yanatumika moja kwa moja jikoni, lakini mwenye chupa ya mafuta hawezi kuyarudisha yakawa mbegu, wala hawezi kuyapanda. Vivyo hivyo, mwenye programu iliyo tayari anaweza kuitumia, lakini ni vigumu sana kwake kujua yaliyomo ndani au kuirekebisha. Mwenye msimbo chanzo ana mbegu: anaweza kuchagua, kupanda, kukamua na kugawa.

Jambo hili lina uzito. Mnamo Februari 2022 watumiaji wengi nchini India walizuiwa kuifikia tovuti ya VideoLAN, na kizuizi kiliondolewa Novemba mwaka huohuo. Kwa kuwa msimbo wa VLC umehifadhiwa mahali pengi duniani, kufungwa kwa tovuti moja hakuwezi kuiua programu. Tena, programu iliyopitia kwenye flashi za watu wengi inaweza kuwa imebadilishwa njiani. Aliyepata msimbo kutoka kwa watengenezaji, akauhakiki na kuuunda mwenyewe, ana sababu nzuri zaidi ya kuuamini.

## Muundo wa ndani

Anayetaka kuunda VLC atafanya kazi kwa wepesi zaidi akijua sehemu zake. Kiini chake ni maktaba mbili za programu, libvlccore na libvlc. Kuzunguka kiini hicho kuna vipande vingi vinavyoitwa moduli, na kila kimoja kina kazi yake. Faili la video linapofunguliwa, kazi hupita kwa mpangilio huu:

1. Kusoma. Moduli ya kwanza hupokea data kutoka diski, flashi, DVD au mtandao.
2. Kutenganisha. Faili kama la MP4 au MKV ni kasha tu. Ndani yake kuna mkondo wa picha, mkondo wa sauti na pengine maandishi ya tafsiri. Moduli ya pili huitenganisha mikondo hiyo.
3. Kung'amua. Picha na sauti zimebanwa ili zichukue nafasi ndogo. Kodeki huzifungua, kama king'amuzi cha televisheni kinavyofanya kwa mawimbi. Kwa kazi hii VLC hutegemea sana maktaba ya FFmpeg.
4. Kutoa. Picha hupelekwa kwenye kioo na sauti kwenye spika, zikienda kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo mtu anaweza kukuta video inaonyesha picha bila sauti. Kasha limefunguka na kodeki ya picha ipo, ila kodeki ya sauti haikuundwa. Anayeunda VLC mwenyewe ndiye anayeamua moduli zipi ziwemo na zipi ziachwe.

## Mahitaji

Maelezo yafuatayo ni ya Debian, Ubuntu na mifumo mingine ya Linux ya ukoo huo. Yanahitajika:

- kompyuta yenye gigabaiti kadhaa za nafasi kwenye diski;
- kompaila za C na C++, pamoja na programu ya `make`;
- maktaba ambazo VLC inazitegemea, pamoja na faili zake za watengenezaji (majina ya vifurushi hivyo huishia na `-dev`);
- msimbo chanzo wenyewe.

Kompaila na vifaa vya msingi husakinishwa kwa amri hii:

```
sudo apt-get install build-essential pkg-config libtool automake autopoint gettext flex bison
```

Maktaba zinaweza kutafutwa moja moja, lakini njia fupi ni kuuomba mfumo ulete zote zilizotumika kuunda VLC ya mfumo huo:

```
sudo apt-get build-dep vlc
```

Amri hii hufanya kazi ikiwa tu orodha ya vyanzo vya vifurushi ina mistari ya `deb-src`. Ndiyo inayokula bando kuliko zote, hivyo ifanyike mahali penye intaneti nzuri. Ni vema kutumia `apt-get` badala ya `apt`, kwa kuwa `apt-get` huacha vifurushi vilivyopakuliwa ndani ya saraka ya `/var/cache/apt/archives`. Kutoka hapo vinaweza kunakiliwa kwenye flashi na kusakinishwa kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo uleule bila kupakua tena.

## Hatua za kuunda

### Kupata na kuhakiki msimbo

Msimbo hupatikana kwa namna mbili. Ya kwanza ni kifurushi cha toleo rasmi, mfano `vlc-3.0.21.tar.xz`, ambacho ni chini ya megabaiti 30. Ya pili ni kunakili hazina ya watengenezaji kwa programu ya Git. Hazina hiyo ina historia yote ya mabadiliko tangu zamani, kwa hiyo ni kubwa. Asiyehitaji historia huongeza `--depth 1` ili apate hali ya sasa tu:

```
git clone --depth 1 https://code.videolan.org/videolan/vlc.git
```

Kwa anayeanza, toleo rasmi ni bora, kwa sababu hazina ya Git ina kazi ambayo bado inaendelea. Kabla ya kulifungua faili lililopakuliwa, lihakikiwe:

```
sha256sum vlc-3.0.21.tar.xz
```

Amri hii hutoa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishwe na ule uliochapishwa na VideoLAN kando ya faili. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika au limechezewa, na lisitumike. Likiwa sawa, hufunguliwa hivi:

```
tar -xf vlc-3.0.21.tar.xz
cd vlc-3.0.21
```

Aliyetumia Git anapaswa kuendesha kwanza amri ya `./bootstrap`, ambayo huandaa faili la `configure`. Katika kifurushi cha toleo rasmi faili hilo limekwisha kuandaliwa.

### Kusanidi

```
./configure --prefix=/opt/vlc
```

Hatua hii haiundi kitu bado. Inaikagua kompyuta, inaangalia maktaba zipi zipo, kisha inaandika mpango wa kazi. Neno `--prefix` huonyesha mahali ambapo programu itawekwa mwishoni. Kuiweka ndani ya `/opt/vlc` kuna faida: VLC iliyoletwa na mfumo haiguswi, na ile mpya ikikataa kufanya kazi, ya zamani ingalipo.

Moduli isiyohitajika huachwa kwa `--disable`. Kwa mfano, `--disable-lua` huacha sehemu zinazotegemea lugha ya Lua. Orodha kamili huonekana kwa `./configure --help`.

### Kuunda

```
make -j2
```

Sasa kompaila inaanza kazi. Tarakimu baada ya `-j` ni idadi ya kazi zinazofanyika kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hulinganishwa na idadi ya viini vya prosesa. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ipewe kazi moja au mbili tu. Kwenye kompyuta mpya kazi huisha kwa dakika kadhaa, na kwenye ya zamani inaweza kuchukua saa nzima au zaidi.

### Kujaribu na kusakinisha

VLC inaweza kuendeshwa ikiwa bado ndani ya saraka ilimoundwa:

```
./vlc -vv somo.mp4
```

Alama ya `-vv` huifanya programu ieleze kila inachofanya: moduli ipi imefungua faili, kodeki ipi imetumika, na wapi imekwama. Kwa mwanafunzi, maelezo haya ni darasa zuri, maana hatua nne zilizotajwa juu huonekana zikipita moja baada ya nyingine.

Programu ikiridhisha, husakinishwa:

```
sudo make install
/opt/vlc/bin/vlc
```

Izingatiwe kwamba `sudo` hutumika katika kusakinisha tu. VLC hukataa kuendeshwa na mtumiaji mkuu wa mfumo. Sababu ni usalama: kicheza video hufungua mafaili yaliyotoka kwa watu wasiojulikana, na faili lenye hila likifunguliwa kwa mamlaka yote lingeweza kuiharibu kompyuta nzima.

## Matatizo ya kawaida

Maktaba haipo. `configure` husimama na kutaja jina la kilichokosekana. Mara nyingi ujumbe wenyewe hutoa njia mbili: kusakinisha maktaba hiyo au kuiacha kwa `--disable`. Aghalabu maktaba ipo, ila kifurushi chake cha `-dev` ndicho kinachokosekana. Ni muhimu kusoma kosa la kwanza kabla ya yanayofuata, kwa kuwa mengi ya baadaye huwa matokeo ya lile la kwanza.

Matoleo hayapatani. FFmpeg mpya inaweza kuwa imeondoa kitu ambacho VLC ya zamani inakitegemea. Katika hali hiyo hutafutwa toleo jipya zaidi la VLC. Njia nyingine ni kuunda maktaba zenyewe kwa kutumia saraka ya `contrib` iliyomo katika msimbo, ingawa inahitaji kupakua mengi na muda mrefu.

Saa ya kompyuta si sahihi. Kompyuta iliyotumika miaka mingi, zikiwemo nyingi zinazotolewa msaada kwa shule, huwa betri yake ndogo ya ndani imekufa. Kila inapozimwa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Hapo `configure` hugoma, ikisema kwamba faili jipya ni la zamani kuliko yaliyosambazwa. Asiyejua hudhani msimbo ni mbovu. Kumbe `make` huamua kipi kiundwe upya kwa kulinganisha tarehe za mafaili, na tarehe zikivurugika haiwezi kuamua. Dawa ni kuangalia tarehe kwa amri ya `date` na kuirekebisha kabla ya kuanza:

```
sudo date -s "2025-03-10 09:00"
```

Tarehe iandikwe ile ya siku yenyewe. Dawa ya kudumu ni kubadilisha betri.

Umeme kukatika. Kazi haipotei yote. Umeme ukirudi, amri ya `make` itaendelea kutoka ilipoachia, kwa kuwa vipande vilivyokamilika vimo kwenye diski. Hata hivyo, faili lililokuwa likiandikwa wakati umeme unakatika linaweza kubaki nusu, na baadaye kuleta ujumbe kwamba faili fulani ni pungufu au halitambuliki. Njia rahisi ni kuanza upya kwa `make clean`, kisha `make`. Kabla ya hapo saa iangaliwe, hasa kwenye kompyuta za mezani.

Kumbukumbu kuisha. Kompaila ikikatishwa ghafla bila kutaja kosa lolote katika msimbo, huenda mfumo umeiua kwa kukosa kumbukumbu. Kazi irudiwe kwa `make -j1`.

## Kuunda mara moja, kutumia kwenye kompyuta nyingi

Tuseme shule ya sekondari iliyo katika kata ya Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, ina kompyuta kumi zenye Ubuntu ya toleo moja na prosesa za aina moja. Si lazima kila kompyuta ipakue na kuunda. Mwalimu anaweza kufanya kazi yote kwenye kompyuta moja, kisha kufunga matokeo katika faili moja:

```
sudo tar -C /opt -czf vlc-tayari.tar.gz vlc
```

Faili hili hubebwa kwa flashi na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine:

```
sudo tar -C /opt -xzf vlc-tayari.tar.gz
```

Kompyuta zinazopokea hazihitaji kompaila wala vifurushi vya `-dev`. Zinahitaji tu maktaba za kawaida ambazo VLC huzitumia inapofanya kazi. Kama VLC ya mfumo imekwisha kusakinishwa humo, nyingi ya maktaba hizo zitakuwa zipo. Mahali ilipowekwa pasibadilishwe: iliyoundwa kwa ajili ya `/opt/vlc` ikae `/opt/vlc`.

Kwa darasa la kompyuta, kazi hii inafundisha mengi kwa mara moja: matumizi ya teminali, uhusiano wa programu na maktaba, na ustadi wa kusoma ujumbe wa kosa kwa utulivu.

## Kubadilisha msimbo: mfano wa lugha

Kuunda programu bila kubadilisha kitu ni nusu ya faida. Badiliko jepesi kwa asiyejua C ni lile la lugha. Maneno yote yanayoonekana kwenye VLC yamo katika saraka ya `po`, faili moja kwa kila lugha. Miongoni mwa lugha zilizotafsiriwa humo zimo za Afrika Mashariki kama Kiganda na Kiacholi za Uganda. Kila neno lina mistari miwili, wa asili na wa tafsiri:

```
msgid "Play"
msgstr "Cheza"
```

Faili la lugha hupewa jina la kifupi chake cha kimataifa, na cha Kiswahili ni `sw`. Mtafsiri hujaza mistari ya pili, huhakikisha kwamba kifupi kimo katika orodha ya lugha iliyomo katika saraka hiyohiyo, kisha huunda upya na kuona kazi yake kwenye kioo. Anayetaka tafsiri yake iwafikie wote huipeleka VideoLAN, ambayo huratibu kazi ya watafsiri kwenye jukwaa la Transifex.

Kazi ya namna hii si ngeni Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kumsubiri mwenye kampuni aamue kwamba Kiswahili kina soko la kutosha.

## Leseni na wajibu

VLC hutolewa kwa leseni ya GPL, toleo la 2 au la baadaye. Kati ya 2011 na 2012 kiini chake na moduli nyingi zilihamishiwa leseni ya LGPL, ili maktaba ya libvlc iweze kutumika pia ndani ya programu nyingine. Kwa mtumiaji wa kawaida, GPL inasema mambo manne: anaweza kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwapa wengine nakala aliyoibadilisha.

Ruhusa hizo zina wajibu wake. Anayempa mwingine VLC aliyoiunda lazima ampe pia msimbo chanzo uliotumika, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya, au amwezeshe kuupata. Katika mfano wa shule hapo juu, njia rahisi ni kuweka `vlc-3.0.21.tar.xz` kwenye flashi ileile iliyobeba `vlc-tayari.tar.gz`. Kwa namna hiyo anayepokea mafuta anapokea na mbegu.

## Wakati usiofaa kuunda

Kwa anayetaka kutazama video tu, VLC ya mfumo wake inatosha, na ina faida moja kubwa: hupata marekebisho ya usalama yenyewe mfumo unaposasishwa. VLC iliyoundwa kwa mkono haisasishwi na mtu mwingine. Aliyeiunda ndiye anayepaswa kufuatilia matoleo mapya na kuiunda tena. Kwa hiyo kuunda kunafaa zaidi kwa anayejifunza, anayetafsiri, anayehitaji moduli ambayo mfumo wake hauna, au anayetaka kuchangia mradi.

## Tazama pia

- Programu huria
- Linux
- Ubuntu
- Kompaila
- C (lugha ya programu)
- FFmpeg